Nilivyojifanya Kijana Nikambeba Shadrack

Leo nimejianika. Mbele ya wadi nzima, jua likiwaka, na mtoto wangu wa kuzaa akiwa ameshika maiki.

Naandika hii nikiwa nimejifungia kibandani. Wateja watatu wamegonga, nimewaambia supu imeisha. (Haijaisha. Kichwa kizima cha mbuzi kinanitazama kutoka kwa sufuria.) Nataka mpate habari kutoka kwangu kabla Njoroge hajawatumia video. Njoroge, najua uko kwa hili kundi. Jina lako linakuja.

Kwa wageni: mimi ni Baba Nafula, yule wa supu ya kichwa hapa Umoja. Asubuhi nachukua vichwa vya mbuzi machinjioni Kiamaiko, saa nne supu iko tayari. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo nikikosea kuandika msinirekebishe. Mlifanya hivyo mwezi jana na bado nina uchungu.

Nafula ni kifungua mimba wangu. Ana miaka ishirini na mitatu, anatengeneza simu kwa kameza kadogo karibu na duka la dawa. Kila Jumamosi anakusanya watoto na vijana wa ploti chini ya ngazi, anawafunza kufungua redio na kuchomelea waya. Walianza wanane. Sasa ukitaka kupanda nyumbani kwako lazima uombe ruhusa kwa watu ishirini. Msimamizi wa ploti amelalamika mpaka sauti imekauka.

Na mahali pa kufunzia pako! Ukumbi wa wadi uko hapo hapo ng'ambo ya uwanja. Kaunti ilitengeneza paa, ikaweka stima, ikaleta mashine za kushona na kompyuta za vijana. Niliziona zikishushwa kwa lori, kwa haya macho yangu. Halafu mlango ukafungwa, na ufunguo ukaingia kwa mfuko wa Shadrack Omwega.

Naandika jina lote, akikataa mjue anadanganya. Shadrack Omwega, mwenyekiti wa vijana. Alikuwa mwenyekiti wa vijana mimi nikiwa kijana. Mimi nimezeeka, yeye bado. Mle ukumbini amepanga hema zake na viti vyake vya kukodisha, vya harusi na vya matanga. Mashine ziko chini ya viti, nailoni haijatolewa.

Mimi nimeandikishwa kama kijana mara nne katika maisha yangu. Jina, nambari ya kitambulisho, kidole. "Mtaitwa." Nilingoja kuitwa mpaka nikaota mvi, na kila mara aliyekuwa anashika hiyo karatasi ni Shadrack. Kwa hivyo msiniulize kwa nini nina moyo mbaya. Niliupata kwa foleni.

Sasa, juzi juzi tumeletewa afisa mpya wa vijana wa wadi, Bi. Muthoni, binti mwembamba wa miwani anayetembea haraka. Akabandika matangazo kila mahali, hata kwa kibanda changu: vijana watachagua baraza lao, miaka kumi na minane mpaka thelathini na minne. Baraza ndilo litashika ufunguo. Na kila mwezi litakaa na ofisi ya wadi kusema vijana wanataka nini, kabla mipango haijaandikwa na watu wengine.

Jioni hiyo Nafula akaja kibandani. "Baba, nagombea uenyekiti."

Nilikazana kukoroga supu. Macho yakawa maji. (Ilikuwa mvuke.)

"Lakini siku ya kura usikuje," akasema.

"Kwa nini?"

"Baba. Unajua kwa nini."

Najua. Kikao cha mwisho cha mitaro nilipanda juu ya kiti nikitaja majina ya waliokula pesa, kiti kikavunjika nikiwa jina la pili.

"Sitakuja. Naapa."

"Usiape. Kaa tu na supu yako."

Nikaapa.

Leo saa tano nikamwachia Njoroge sufuria. Njoroge ni huyu anakaanga viazi karai hapa kando yangu. Nikavaa jezi, nikageuza kofia mbele nyuma, nikaazima raba zake nyeupe. (Njoroge ana miaka hamsini na mbili. Raba nyeupe ni za nini, mtamuuliza wenyewe.)

"Unaenda wapi ukikaa hivyo?"

"Kulinda kura."

"Unakaa kama mtu ametoroka hospitali."

Nikakaza kamba za raba. Nilikuwa na sababu. Shadrack namjua. Bila mtu wa kumwangalia, mtoto wangu ataibiwa akiona, na atashukuru.

Mlangoni kulikuwa na meza, na msichana mwenye daftari.

"Jina?"

Nikampa.

"Umri?"

"Thelathini na tatu."

Akainua kichwa. Akaniangalia kutoka kwa kofia mpaka kwa raba, akarudi juu polepole.

"Thelathini na tatu ya nini, buda? Ya kiatu?"

Nyuma yangu watu wakaanguka kwa kicheko. Nikamwambia, "Ya kuzaliwa. Ni maisha imekuwa ngumu." Akatikisa kichwa, akaandika. Kitambulisho hakuitisha. Nikaingia hivyo tu, kifua mbele. (Hiyo njia ndiyo Shadrack amekuwa akipita miaka yote. Mimi niliipita leo na wala sikujikwaa.)

Ndani kumejaa. Vijana wamekalia viti vya Shadrack, wengine madirishani. Na mbele kabisa, koti la suti, kofia imegeuzwa kama yangu, amekaa mwenyewe.

Tukaonana.

Mjue kitu kimoja. Mimi na Shadrack tulikalia dawati moja darasa la tano. Ananizidi mwaka mmoja, alirudia darasa la nne. Anajua umri wangu na mimi najua wake. Nikisema, ananisema. Akinisema, namsema. Akaweka kidole kimoja juu ya mdomo, kidogo tu, kama anakuna. Na mimi, mtu wa kutaja majina, nikaitika kwa kichwa! Tulikuwa wezi wawili wamekutana kwa dirisha moja.

Bi. Muthoni akaeleza. Hakuna masanduku ya kura. Kila mgombea atasimama mbele, watu wapange laini nyuma yake, mlolongo ule wa zamani, na kila mtu ahesabiwe kwa sauti. Mwenye malalamiko aseme kabla hajatia sahihi fomu. Akishatia, imeisha.

Shadrack akaanza. "Sisi vijana ndio viongozi wa kesho!" (Kesho gani, Shadrack? Una mjukuu.) Akaahidi uwanja wa taa, ziara ya Mombasa na fulana. Wakapiga makofi, hasa kwa fulana.

Halafu Nafula akasimama. Nikajificha nyuma ya kijana mrefu. Bisibisi ilikuwa imebaki kwa mfuko wa nyuma wa suruali yake, alikuwa ametoka kazini moja kwa moja.

"Mimi sina mengi," akasema. "Hivi viti mmekalia, chini yavyo kulikuwa na mashine za kushona. Leo asubuhi zimesukumwa kwa stoo ndio mkae. Nani hapa amewahi kukanyaga hata moja?"

Watu wakainama kuangalia chini ya viti.

"Ufunguo ukija kwetu, hapa panafunguliwa saa mbili asubuhi, kila siku. Zamu ya ufunguo itaandikwa kwa mlango. Jina na simu ya mwenye anao. Akichelewa, mnampigia. Nikichelewa mimi, mnanitoa."

Mtu akapiga mluzi.

"Na tukienda kukaa na ofisi ya wadi, siendi peke yangu. Kila mwezi wanaenda wawili wapya. Hata wewe hapo nyuma unaogopa kuongea. Utazoea. Mimi mwenyewe miguu inatetemeka, mnaiona?"

Wakaiona, wakacheka, wakampigia makofi ambayo hayakuwa ya fulana. Mimi nilikuwa nimevua kofia nikaiuma.

Hapo ndipo simu yangu ikalia. Njoroge.

"Supu inachemka juu, nipunguze moto?"

"Punguza!"

"Sikusikii!"

Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya ukumbi kwa sababu ya kelele.

"Nimesema punguza!"

"Nimepunguza, umezima."

"Basi washa!"

"Kiberiti kiko wapi?"

"Njoroge, wewe unakaanga viazi na nini?"

Mambo ya kijinga ya dakika kumi. Niliporudi, laini zilikuwa zimepangwa. Mbili. Ukumbi haukutosha, kila moja imetokea kwa mlango wake mpaka uwanjani. Mbele sioni.

Sasa, sisi wa huku tunajijua. Laini ya maji, laini ya unga, laini ya fomu za basari za shule. Ukiona laini, unashika kwanza, unauliza ukiwa ndani. Anayeuliza kwanza hurudi nyumbani na ndoo tupu. Nikashika iliyokuwa karibu. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja wa mpira, anakunywa supu kwangu kila wiki, na simu yake anatengenezewa na Nafula. Nikajua hapa ni kwetu. Sikuuliza.

Tena nikafanya bidii! "Kazeni! Msiache nafasi!" Wasichana wawili walikuwa wanapita hawajaamua, nikawavuta. "Ingieni hapa, mtashukuru baadaye." Wakaingia. (Wawili! Wasichana, mkisoma hii, kujeni mnywe supu ya bure.)

Msaidizi wa Bi. Muthoni akawa anakuja akigusa mabega. "Sitini na saba. Sitini na nane." Mimi nikawa sitini na nane, kwa sauti, nikajibu "Naam!" kama askari. Wasichana wangu wakafunga, sabini.

Kutoka ndani nikasikia Bi. Muthoni kwa spika: "Laini ya kushoto, sabini. Laini ya kulia, sitini na nane."

Sabini ni sisi!

Jamani. Nilirusha kofia sijaiona tena mpaka sasa. Nikapiga kelele, "Huyo ni damu yangu! Damu yangu kabisa!" Nikakata watu katikati nikikimbia mbele. Vijana walikuwa wameshaanza kumwinua mshindi, nikaingia chini kwa chini, nikashika mguu, nikaweka bega, nikainua. Nikashangaa kidogo. Nafula ni mwepesi. Huyu alikuwa mzito kama gunia la makaa yaliyonyeshewa. Nikasema moyoni ni heshima ya cheo.

Halafu nikaona soksi. Halafu koti la suti.

Nikaangalia juu. Shadrack akaangalia chini. Akaniinamia, taratibu, akaniambia, "Asante, kijana mwenzangu."

Na upande ule mwingine wa jukwaa, kwa maiki ambayo ilikuwa bado imewashwa, nikasikia:

"Baba?"

Neno moja. Liliingia kwa spika zote nne.

Nikamwachilia Shadrack. (Alianguka kidogo. Hakuumia, kwa bahati mbaya.)

Sasa hapa msicheke. Nafula hakulia, hakunitusi. Alizima maiki, akaiweka mezani vizuri, akaanza kutembea kwenda kumpa Shadrack mkono. Anampongeza! Nilimfunza mimi mwenyewe, ukishindwa salimia aliyekushinda. Na kwa meza, Bi. Muthoni ameshafungua kalamu, anaivuta fomu karibu.

Nilimwona mtoto wangu amenyoosha mkono, na yule mzee wa koti anaukunjua wake wenye ufunguo. Nikajua hii ikiandikwa, watu ishirini wanarudi chini ya ngazi, na mashine zinarudi chini ya viti. Na kilichotosha kuzirudisha ni mimi na wasichana wangu wawili.

"Simamisha kalamu!" nikasema.

Ukumbi ukageuka.

"Una malalamiko?" Bi. Muthoni akauliza.

"Ninayo."

"Juu ya nani?"

Miaka hii yote nimetaja majina ya watu. Leo likaanza langu. "Juu yangu mimi. Kura yangu ni ya uongo. Nina miaka arobaini na tisa."

Paa ikataka kutoka. Kuna waliokaa chini kwa kucheka. Yule msichana wa daftari alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzae, si ulisema thelathini na tatu?"

"Ilikuwa ya kiatu!"

Nikatoa kitambulisho nikapeleka mezani. Bi. Muthoni akakisoma mbele, akakisoma nyuma. "Mzee, unajua umefanya makosa?"

"Najua. Andika. Halafu chini yangu andika na Shadrack Omwega. Ananizidi mwaka mmoja. Tulikalia dawati moja darasa la tano."

Shadrack akapangusa koti. "Huyu mzee mimi simjui."

"Hunijui? Mwalimu wa hesabu alikuwa anakuita nani?"

"Sijui unasema nini."

"Alikuwa anakuita Kobe, kwa sababu ukiulizwa swali unaingiza shingo ndani ya sweta!"

Na hapo, kutoka katikati ya laini ya Shadrack, jamaa mmoja wa fulana ya kubana akalipuka kwa kicheko. "Kobe! Kweli kabisa! Hata mimi nakumbuka, nilikuwa darasa la nyuma yenu!"

Akajiziba mdomo. Akaona watu wote wanamtazama, wanahesabu miaka. Akajikuna. Akatoka polepole kwa mlango wa kando, akisema ameacha mtoto kwa beseni.

Bi. Muthoni akafunga kalamu. "Kila mtu ashike kitambulisho mkononi."

Mngeona! Simu ambazo hazikulia zikapokelewa. Watu wakaanza kuchechemea. Mmoja alisema ni mgeni, hata si wa wadi hii, alikuja kutafuta choo. Kumi na wanne walitoka laini ya Shadrack. Lakini niseme ukweli wote: laini ya Nafula pia walitoka wawili, na mmoja ni msimamizi wetu wa ploti, mwenye kelele za ngazi. Kumbe alikuwa amekuja kumpigia Nafula kura ili apate kupita kwa ngazi zake. Alipita kando yangu ameinama. Nikamwambia, "Niaje, kijana." Akaongeza mwendo.

Shadrack akatafuta kitambulisho kwa mifuko yote, mpaka kwa mifuko ambayo koti halina. "Nimekiacha nyumbani," akasema.

"Tutakungoja," Bi. Muthoni akamwambia, "lakini kwanza niachie ufunguo."

Alichukua muda kuutoa kwa lile shada lake la funguo. Hakurudi na kitambulisho. Laini yake ikabaki na vijana wa kweli, na mbele yao hakuna mtu. Wakaangaliana. Halafu yule wa mpira akavuka, na wasichana wangu wawili wakamfuata, na wengine wakavuka hivyo hivyo mpaka ukumbi ukawa laini moja tu, inazunguka kuta.

Bi. Muthoni akatia sahihi. Ufunguo ukawa mkononi mwa Nafula. Mimi hapo nikarekebisha jezi. Nikajua sasa mwenyekiti atashukuru. Mungu kwanza, halafu wazazi. Nilikuwa nimepanga hata namna ya kuinua mkono.

Akawasha maiki.

"Kwanza, asanteni. Pili, kazi inaanza leo, na mkutano wa baraza ni wa vijana. Wote wenye zaidi ya miaka thelathini na minne watoke nje. Tunawapenda." Akaniangalia. Mdomo ulikuwa unapigana na kicheko. "Baba, wewe ndio wa kwanza."

Walinipigia makofi mpaka mlangoni. Walinifungulia njia kama maiti ya mheshimiwa. Yule msichana wa meza alichukua rula, akapiga mstari juu ya jina langu, mstari ulionyooka kabisa. "Pole, buda. Umri unakuja bila kubisha."

Na nje nikamkuta nani? Njoroge, upawa mkono mmoja, simu mkono wa pili. Alikuwa amekuja kuniuliza chumvi iko wapi. Alifika nikiwa nimembeba Shadrack. Amerekodi yote, kutoka hapo mpaka mwisho.

Nilisimama dirishani kidogo. Walikuwa wanachana nailoni. Binti mmoja akakaa kwa mashine, akaweka mguu, ikalia, wote wakaruka nyuma, halafu wakasongea karibu. Nafula alikuwa kwa mlango na kalamu ya wino mzito, anaandika zamu ya ufunguo. Jumatatu ameandika mtu mwingine. Jumanne mwingine. Yeye amejiandika Jumapili, siku ambayo hakuna anayeitaka. Akaniona. Akaja, akavuta dirisha, akalifunga. Polepole, lakini alilifunga.

Basi kesho mkija kunywa supu, lipeni mnyamaze. Anayeniita kijana mwenzake anakunywa kwa Njoroge, mafuta ya viazi.

Nimefukuzwa mahali pengi katika haya maisha, na watu wenye gari na bunduki. Leo ndio mara ya kwanza nimefukuzwa nikatamani kumshika kila anayepita mkono, nimwonyeshe: unamwona huyo aliyenifungia dirisha? Ni wangu.